Mbona baadhi ya wavutaji sigara hula chumvi nyingi?

USIKU wa Februari 5, 1952, Bintimfalme Elizabeth wa Uingereza alilala katika hoteli ya Treetops, iliyojengwa juu ya mti ndani ya msitu wa Aberdare, Nyeri. Kulipopambazuka alikuwa tayari malkia, ingawa mwenyewe hakujua. Babake, Mfalme George wa Sita, alikuwa amefariki usingizini huko Sandringham, na habari hizo hazikumfikia bintiye hadi mchana, alipokuwa katika jumba la Sagana, mbali kidogo na hoteli hiyo.

Mfalme alikuwa na umri wa miaka 56 tu. Alikuwa mvutaji sugu wa sigara, na mnamo Septemba 23, 1951 madaktari walikuwa wamemtoa pafu la kushoto kwa sababu ya saratani. Taarifa rasmi iliyotolewa kwa raia haikuutaja ugonjwa huo kwa jina. Kilichomuua hatimaye ni damu kuganda katika mshipa wa moyo.

Waziri Mkuu wake wakati huo alikuwa Winston Churchill, mzee wa miaka 77, ambaye hakuonekana hadharani ila kwa nadra pasipo sigara nene ya Kuba mdomoni au mkononi. Churchill alianza siku yake kwa wiski iliyozimuliwa kwa maji mengi, akala mlo wake kwa shampeni na kumalizia kwa brandi. Mazoezi ya viungo hakuyathamini uzeeni. Mvutaji huyu wa miaka 77 akamzika mvutaji mwenzake wa miaka 56, kisha akaishi miaka mingine 13. Alifariki Januari 24, 1965, akiwa na umri wa miaka 90.

Kila kijiji kina Churchill wake. Ni yule shaibu anayeota jua nje ya nyumba yake, kiko kikifuka moshi, naye amewazika wanawe wawili ambao hawakuwahi kuonja tumbaku. Ni ajuza asiyeachana na kijaluba chake cha ugoro na ambaye bado anaenda shambani. Daktari anapomshauri kijana aache sigara, jibu huwa tayari: “Babu alivuta tangu ujana wake na alituacha akiwa na miaka 95. Jirani yetu hakuvuta hata siku moja, akafa na 50. Sasa mimi niamini nini?”

Swali hilo si la kipuuzi, na wanaolijibu kwa kumkemea muulizaji hawamsaidii. Babu alikuwepo, na moshi wake ulionekana na kila mtu. Aliyefika umri huo husemwa kwamba amekula chumvi nyingi, msemo ambao wauguzi wa shinikizo la damu huenda hawaufurahii. Swali lenyewe, basi, ni kile ambacho maisha ya babu yanathibitisha na kile ambacho hayathibitishi.

Jibu lilianza kutafutwa miezi ile ile mfalme alipokuwa akiugua. Mnamo 1950, Richard Doll na Austin Bradford Hill, wote wa Uingereza, walikuwa wamechapisha uchunguzi uliohusisha saratani ya mapafu na uvutaji sigara. Wengi hawakusadiki. Mwaka uliofuata, wawili hao waliwaandikia madaktari wa nchi yao wakiwauliza kama wanavuta, na kiasi gani. Madaktari wanaume 34,439 walijibu. Hill na Doll hawakuwataka wabadilishe lolote katika mienendo yao. Waliwafuatilia tu, wakisubiri kuona nani angekufa, lini, na kwa ugonjwa upi.

Uchaguzi wa madaktari ulikuwa wa busara. Hawa walikuwa watu wa kipato na elimu zilizokaribiana, wenye kujua njia ya kwenda hospitalini, na vifo vyao viliandikwa kwa uangalifu. Haikuwa rahisi kudai kwamba wavutaji walikufa mapema kwa sababu ya ufukara au kukosa matibabu.

Ufuatiliaji ulidumu miaka 50, na matokeo ya nusu karne hiyo yalichapishwa mwaka 2004. Miongoni mwa waliozaliwa kati ya 1900 na 1930, katika kila wanaume 100 wasiovuta ambao walikuwa hai wakiwa na miaka 35, 81 walifikisha miaka 70. Kwa walioendelea kuvuta, waliofikisha umri huo walikuwa 58. Ama miaka 90, waliifikia watu 24 katika kila 100 wasiovuta. Miongoni mwa wavutaji walikuwa wanne.

Hao wanne ndio wanaozungumzwa barazani. Sayansi haijawahi kusema kwamba hawapo, imewahesabu. Jambo ambalo baraza halifanyi ni kuwahesabu wale 42 waliokufa kabla ya kufika 70. Baadhi yao wangekufa tu hata bila tumbaku, kwa kuwa wasiovuta 19 nao hawakufika. Lakini tofauti ya 42 na 19 ni watu 23 katika kila 100, na hao hawapo tena kusimulia. Asiyekuwepo na lake halipo.

Kosa hili la kuwahoji walionusurika peke yao ni la kale. Mwandishi wa Kirumi Cicero, aliyeishi kabla ya kuzaliwa kwa Kristo, anasimulia habari za Mgiriki mmoja, Diagoras, ambaye rafiki yake alimwonyesha hekaluni picha nyingi zilizotundikwa na mabaharia walioomba wakati wa tufani na kuokoka. Rafiki alitaka akiri kwamba dua zilisikika. Diagoras akajibu kuwa walioomba wakazama hawakupata nafasi ya kuchorwa. Familia yenye babu mvutaji aliyefika 95 ina picha ukutani. Familia iliyompoteza baba kwa saratani ya koo akiwa na miaka 52 mara nyingi haitaki hata kuuzungumzia ugonjwa huo, achilia mbali kuutaja kwenye tangazo la mazishi.

Hata hivyo, kusema kwamba wanne kati ya 100 hufika hakuelezi kwa nini ni hao wanne na si wengine. Hapa ndipo kisa cha Jeanne Calment kinapofaa, maana ndiye mvutaji aliyeishi maisha marefu kuliko binadamu yeyote ambaye umri wake umekubaliwa na wataalamu.

Calment alizaliwa Februari 21, 1875 katika mji wa Arles, kusini mwa Ufaransa, na kufariki Agosti 4, 1997 akiwa na umri wa miaka 122 na siku 164. Alianza kuvuta baada ya kuolewa, akiwa na miaka 21, na aliacha akiwa na miaka 117. Alipenda mvinyo mtamu wa Ureno, na ilisemekana kuwa alikula karibu kilo moja ya chokoleti kwa wiki.

Wakati mmoja alikuwa na mkataba uliompa umaarufu wa pekee. Mnamo 1965, akiwa na miaka 90 na bila mrithi, aliafikiana na wakili mmoja wa mji huo, mwanamume wa miaka 47, kwamba wakili amlipe faranga 2,500 kila mwezi maisha yake yote, na ajuza akifa nyumba iwe yake. Kwa hesabu ya kawaida ilikuwa biashara nono. Wakili alilipa kwa miaka 30, akafariki mwaka 1995 akiwa na miaka 77 bila kuingia katika nyumba ile, na mjane wake akalazimika kuendelea kulipa. Jumla ya fedha walizotoa ilizidi maradufu thamani ya nyumba yenyewe.

Wanaomtaja Calment kama kinga ya wavutaji huwa hawamalizi kisa. Kwanza, kipimo chake kilikuwa kidogo: sigara moja au mbili kwa siku. Pili, aliolewa na mfanyabiashara tajiri, akawa na watumishi, na hakuwahi kufanya kazi ya kuajiriwa. Muda wake aliutumia kwa tenisi, kuogelea, kuwinda na kupanda milima. Akiwa na miaka 85 alianza kujifunza mchezo wa vitara, na baiskeli aliiendesha hadi karibu miaka 100. Tatu, na pengine hili ndilo zito zaidi, jamaa zake nao waliishi sana: babake alifikisha miaka 93, mamake 86, na kakake 97. Alirithi kitu ambacho hakiuzwi dukani.

Kitu hicho wanasayansi wamekitafuta katika jeni. Uchunguzi wa mapacha 2,872 wawili wawili waliozaliwa Denmark kati ya 1870 na 1900, uliochapishwa mwaka 1996, ulikadiria kuwa takriban robo ya tofauti za urefu wa maisha baina ya watu hutokana na urithi. Robo si nyingi. Lakini kadiri umri unavyosogea kuelekea miaka 100 na kuendelea, ndivyo mchango wa jeni unavyoonekana kukua.

Ushahidi mmojawapo ulitoka New York mwaka 2011. Daktari Nir Barzilai na wenzake waliwauliza Wayahudi 477 wenye umri wa miaka 95 au zaidi jinsi walivyoishi walipokuwa na miaka 70, kisha wakawalinganisha na watu wa kawaida waliozaliwa miaka hiyo hiyo. Ilitarajiwa kwamba wakongwe hao wangekuwa mfano wa kuigwa. Haikuwa hivyo. Wanaume waliokunywa pombe kila siku walikuwa asilimia 24 miongoni mwa wakongwe na asilimia 22 kwa wale wa kawaida. Waliofanya mazoezi mara kwa mara walikuwa asilimia 43 ya wakongwe, ilhali wale wengine walikuwa asilimia 57.

Kwa mujibu wa watafiti hao, wakongwe walikuwa na jeni zinazowakinga dhidi ya madhara ambayo huwaangusha wengine. Mwaka 2015, Morgan Levine na Eileen Crimmins wa Marekani walikwenda hatua moja mbele: waliwachunguza wavutaji waliofika uzeeni pekee, kwa hoja kwamba mwili ulioweza kustahimili sumu hiyo kwa miongo mingi lazima una namna yake ya kujikarabati. Walipata mkusanyiko wa tofauti za jeni ambazo baadhi yake zinahusika na ukarabati wa seli na uwezo wake wa kuhimili dhiki.

Mtu anaweza kufurahi akisikia hayo na kudhani kwamba yeye ni mmoja wao. Tatizo ni kuwa hakuna kipimo cha hospitali kinachoweza kumhakikishia kijana wa miaka 25 kwamba amerithi kinga hiyo. Kuwa na babu aliyeishi sana kunaongeza matumaini kiasi, lakini mjukuu huchukua robo tu ya urithi wake kwa babu huyo, na si lazima iwe robo iliyo bora. Churchill mwenyewe hakutoka katika ukoo wa wakongwe: babake alifariki akiwa na miaka 45, tarehe na mwezi ule ule aliokuja kufa mwanawe miaka 70 baadaye. Barzilai, ambaye matokeo yake hutajwa na kila mpenda pombe, ametahadharisha kuwa kwa watu wengi, wasio na jeni hizo adimu, mwenendo wa maisha ungali na uzito mkubwa.

Kuna jambo jingine ambalo husahaulika, nalo ni umri wenyewe. Mnamo Februari 21, 1986 alifariki Mjapani Shigechiyo Izumi, aliyetambuliwa na kitabu cha rekodi cha Guinness kuwa na miaka 120. Alisifika kwa kunywa kinywaji kikali cha miwa na kuanza kuvuta sigara akiwa na miaka 70. Baadaye wachunguzi walishuku kwamba cheti kilichotumiwa kilikuwa cha nduguye aliyekufa utotoni na ambaye jina lake alipewa yeye, na kwamba huenda alikuwa na miaka 105. Rekodi ikafutwa. Mwaka 2010 serikali ya Japani ilipokagua madaftari yake iligundua zaidi ya watu 230,000 walioandikwa kuwa na miaka 100 au zaidi ambao hawakujulikana walipo. Naye mtafiti Saul Newman alionyesha kwamba katika majimbo ya Marekani, idadi ya waliodaiwa kupita miaka 110 ilishuka kwa asilimia 69 hadi 82 baada ya vyeti vya kuzaliwa kuanza kutolewa. Hata Calment hakusazwa: mwaka 2018 watafiti wa Urusi walidai kwamba aliyekufa 1997 alikuwa bintiye. Wenzao wa Ufaransa, Uswisi na Denmark walirejea nyaraka za Arles na kulipinga dai hilo mwaka uliofuata.

Nchini Kenya wazee wengi waliozaliwa enzi za ukoloni hawakuandikishwa popote. Umri ulikadiriwa kwa rika la tohara, kwa mwaka wa njaa fulani, au kwa kumbukumbu kwamba mzee alikuwa akichunga mbuzi wakati wa vita vya Wajerumani. Karani wa vitambulisho akaandika mwaka uliomwelekea. Pengine babu wa miaka 95 alikuwa na 84. Bado ni umri wa heshima, ila hoja inapungua makali.

Isitoshe, tumbaku ya babu haikuwa tumbaku ya mjukuu. Wengi wa kizazi hicho walitumia ugoro, au walijaza kiko mara moja jioni. Sigara ya dukani ilinunuliwa moja moja siku ya soko, ikavutwa nusu, ikazimwa na kuwekwa nyuma ya sikio kwa ajili ya kesho. Waliitembelea mitaa na milima kwa miguu, na wengi walianza kuvuta wakiwa watu wazima. Mjukuu ameanza shuleni na anamaliza pakiti kabla ya jua kutua. Wala isidhaniwe kuwa vya zamani vilikuwa salama: ugoro na tumbaku ya kutafuna husababisha saratani ya mdomo, na uchambuzi uliochapishwa Uingereza mwaka 2018 ulionyesha kuwa anayevuta sigara moja tu kwa siku hubeba takriban nusu ya hatari ya ziada ya ugonjwa wa moyo aliyo nayo anayevuta 20.

Hata aina ya uvutaji hutofautiana. Richard Overton, askari mstaafu wa Marekani aliyepigana katika Vita vya Pili vya Dunia na kufariki Desemba 27, 2018 akiwa na miaka 112, aliteketeza hadi sigara nene 12 kwa siku na kutia wiski kwenye kahawa yake. Mwenyewe alieleza kuwa moshi hakuumeza. Churchill naye aliziacha nyingi zizimike akizitafuna tu. Mvutaji wa sigara za kawaida huuvuta moshi hadi ndani ya mapafu, mara kadhaa kwa kila sigara.

Na wale wanaouvuta moshi usio wao? Mnamo 1981, Takeshi Hirayama wa Japani alichapisha matokeo ya kuwafuatilia wanawake 91,540 walioolewa na wasiovuta wenyewe. Walioolewa na wavutaji sugu walikufa kwa saratani ya mapafu kwa kiwango cha juu kuliko walioolewa na wasiovuta. Shaibu aliyefika 90 anasifiwa kijiji kizima, na hakuna anayekumbuka kuuliza kikohozi kilichomuua mkewe miaka 30 iliyopita kilitoka wapi.

Kuishi sana nako si sawa na kuwa buheri wa afya. Churchill alipatwa na kiharusi mwaka 1949, na kingine Juni 1953 akiwa bado Waziri Mkuu, ambacho wasaidizi wake walikificha kwa umma. Miaka yake ya mwisho ilikuwa ya usahaulifu na ukimya mrefu kwenye kiti, na kiharusi kingine ndicho kilichomaliza safari yake. Alikuwa na daktari wake binafsi na wauguzi wa usiku na mchana. Mkulima wa Kenya akipatwa na kiharusi hicho hicho, anayemwinua kitandani ni binti yake aliyeacha kazi.

Familia ya mfalme yule wa 1952 inaweza kutumiwa na kila upande wa mabishano. Mjane wake, aliyependa kinywaji cha jini kabla ya chakula, aliishi hadi Machi 30, 2002, akiwa na miaka 101. Binti mdogo, Margaret, alivuta sigara nyingi tangu ujana, alikatwa sehemu ya pafu mwaka 1985, na baada ya viharusi kadhaa alifariki Februari 9, 2002 akiwa na miaka 71. Dadake Elizabeth hakuwa mvutaji. Aliishi hadi Septemba 8, 2022, akiwa na miaka 96. Wazazi walikuwa wale wale, na madaktari wao walikuwa bora kuliko wote nchini. Lakini kwa haki, dada wawili si ushahidi, kama vile Churchill asivyokuwa ushahidi. Ushahidi ni wale madaktari 34,439.

Hesabu za madaktari hao zina jambo moja la mwisho, ambalo kwa mvutaji aliye hai ni muhimu kuliko mengine yote. Kwa wastani, walioendelea kuvuta walipoteza takriban miaka 10 ya maisha. Walioacha wakiwa na miaka 60 waliokoa mitatu kati ya hiyo. Walioacha na 50 waliokoa sita, wenye 40 wakaokoa tisa, na walioacha wakiwa na 30 waliikomboa karibu yote. Richard Doll alikuwa mvutaji alipoanza uchunguzi wake wa kwanza. Aliacha alipoyaona matokeo, akiwa hajafikisha miaka 40, na alifariki Julai 24, 2005 akiwa na miaka 92, mwaka mmoja baada ya kuchapisha ripoti ya nusu karne.